Kufunga Betri ya Pili Kwenye Lori au Pikapu: Kuanzia Hesabu Hadi Kipimo cha Mwisho

Anayelala ndani ya gari lake la kazi analijua hili: betri iliyokuja na gari haikutengenezwa kwa friji, feni na taa za usiku. Imetengenezwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, stata izungushe injini, kisha altaneta, jenereta inayozungushwa na injini, irudishe kilichotoka. Ndani yake mna sahani za risasi nyembamba na nyingi, zilizopangwa kwa kazi hiyo ya ghafla. Ukiinyonya polepole hadi asubuhi, sahani hujifunika salfeti ya risasi, na salfeti ikikaa muda bila betri kuchajiwa inakuwa fuwele ngumu ambazo chaja haiziondoi tena. Miezi michache ya mtindo huo na gari linaanza kusukumwa.

Betri ya pili inagawa kazi: moja iwashe gari, nyingine ikeshe. Ukichora kwenye karatasi ni jambo jepesi, nyaya mbili na kifaa kimoja katikati. Lakini naomba uweke jambo moja kichwani kabla hujashika spana: betri ya pili ni chanzo cha pili cha moto. Volti 12 hazirushi mtu, na hapo ndipo watu wanapozidharau. Kinachochoma ni ampea. Waya wa chanya ukichunika na kugusa chasisi, betri inaweza kusukuma mamia ya ampea ndani ya waya huo, na ganda lake litaanza kuyeyuka kabla hujawahi kufungua boneti. Karibu kila ninachoshauri humu kinatokana na hilo.

Hesabu kwanza, spana baadaye

Chukua karatasi. Andika kila kifaa kitakachotumia betri ya pili, ampea zake, na saa kitakazofanya kazi kwa siku. Kama kifaa kimeandikwa wati tu, gawa kwa 12 upate ampea.

Tuchukue friji ya kompresa ya wati 48. Inavuta ampea 4 kompresa ikizunguka, lakini haizunguki muda wote. Tuseme asilimia 40 ya siku. Saa 24 mara 0.4 mara 4 ni kama ampea-saa 38 (ampea mara saa). Taa za LED za ampea 1 kwa saa 5 ni ampea-saa 5. Simu na kompyuta, ampea 5 kwa saa 3, ni 15. Jumla 58.

Namba hiyo bado si ukubwa wa betri. Betri ya risasi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara inazeeka haraka, kwa hiyo zidisha kwa mbili: 116, yaani betri ya ampea-saa 120. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 inavumilia kushuka hadi ibaki asilimia 20, hivyo gawa 58 kwa 0.8 upate 73. Ukinunua ya ampea-saa 100 unabaki na akiba ya siku ya joto kali, friji inapozunguka zaidi ya ulivyotarajia. Hesabu hii ni ya siku moja gari likiwa limesimama. Kama kazi yako inakuegesha siku mbili, zidisha tena.

Inveta, kifaa kinachogeuza volti 12 kuwa umeme kama wa ukutani, iandike mstari wake peke yake, maana ndiyo inayovuruga hesabu za wengi. Inveta ikitoa wati 1000 inavuta zaidi ya ampea 90 kutoka betri ya volti 12, ukijumlisha na umeme unaopotea ndani yake. Pia inakula kidogo kidogo hata ikiwa imewashwa bila kazi. Kila kinachoweza kutumia volti 12 moja kwa moja, kitumie hivyo, na inveta uiwashe kwa kile kisicho na njia nyingine.

Betri ya aina gani

Betri ya risasi ya maji yenye sahani nene ndiyo nafuu, lakini inatoa haidrojeni ikichajiwa, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa iliyoizunguka, cheche moja inatosha kuilipua. Iweke nje ya kebini, au kwenye sanduku lenye bomba la kupeleka gesi nje. AGM pia ni ya risasi, ila asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo na betri imefungwa, hivyo haimwagiki na inastahimili mtikisiko wa barabara mbovu. Kwa gari linalopita makorongo, kati ya hizi mbili ningechukua AGM bila kusita.

LiFePO4 ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 11 hadi 13 hivi, wakati ya risasi ya ukubwa huo inakaribia kilo 30. Inapokea chaji haraka, na volti zake hazitikisiki hadi inapokaribia kuisha. Ina masharti mawili. Isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwa sababu lithiamu inajipaka juu ya elektrodi na kuiharibu seli moja kwa moja. Na isikae karibu na injini, kwa kuwa joto la mle ndani linaila. Mahali pake ni nyuma ya kiti, chini ya kitanda cha kebini, au kwenye sanduku la pembeni lililozibwa maji na vumbi.

Nini kikae katikati ya betri mbili

Ukiziunganisha moja kwa moja, zitachajiwa pamoja na zitaisha pamoja, na asubuhi utakuwa na betri mbili zilizokufa. Panahitajika kifaa cha kuzikutanisha injini ikiwa inazunguka na kuzitenganisha ikizimwa.

Njia ya zamani ni relei kubwa, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayopata amri kutoka kwenye waya wa swichi ya gari. Ipo pia relei inayopima volti yenyewe: betri ya kuwashia ikifika kama volti 13.3 inajua altaneta inachaji na inafunga mzunguko, zikishuka hadi kama 12.8 inaachia. Kwa gari la zamani lenye altaneta ya volti zisizobadilika sana, na betri ya pili ya risasi, relei hii inafanya kazi nzuri na haina mengi ya kuharibika.

Magari mapya yameleta shida. Altaneta zake zinaongozwa na kompyuta ya gari: betri ikijaa, kompyuta inashusha volti ili kuokoa mafuta, na ukiachia mwendo inazipandisha, wakati mwingine hadi karibu 15. Relei inayopima volti inachanganyikiwa kabisa. Inajifunga na kujifungua barabara nzima, na betri ya pili haijai hata ukitembea kutwa. Shida nyingine inakuja na lithiamu. Ukinzani wake wa ndani, yaani kinachozuia umeme kupita, ni mdogo mno, hivyo ikiunganishwa na altaneta kupitia relei inanyonya kila ampea inayopatikana. Altaneta iliyozoea kutoa nguvu kwa dakika chache inajikuta inasukuma kikomo chake kwa saa nzima, na injini ikiunguruma bila mwendo, feni yake inazunguka polepole. Inaungua.

Kwa sababu hizo mbili, mimi nafunga chaja ya DC-DC, na ndiyo nitakayofuata humu. Inapokea volti zozote altaneta inazotoa, inazipandisha au kuzishusha, kisha inailisha betri ya pili kwa hatua zinazoifaa: kama 14.4 wakati wa kujaza, halafu kama 13.5 hadi 13.8 ya kutunza kwa betri ya risasi, na kati ya 14.2 na 14.6 kwa LiFePO4. Kubwa zaidi ni kwamba inaweka kikomo cha ampea. Ya ampea 40 haitatoa zaidi ya 40 hata betri iwe na njaa kiasi gani. Chagua isiyozidi nusu ya uwezo wa altaneta. Altaneta iliyoandikwa ampea 90 haitoi 90 injini ikiwa imesimama inaunguruma, na taa, feni na kompyuta ya gari navyo vinataka fungu lao.

Wenye malori makubwa ya volti 24, sikilizeni hapa. Volti zenu zinatokana na betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo, na kishawishi cha kuchomoa volti 12 kutoka kwenye betri moja ni kikubwa. Msifanye hivyo. Betri hiyo moja inashuka, mwenzake inabaki imejaa, kisha altaneta ikizichaji kama kitu kimoja, iliyojaa inazidishiwa na iliyoshuka haijai kamwe. Zote mbili zinakufa, kila moja kwa ugonjwa wake. Nunua chaja inayoingiza 24 na kutoa 12, iungwe kwenye ncha za mwisho za jozi nzima.

Unene wa waya

Hapa ndipo pesa inapookolewa vibaya. Kila waya una ukinzani, na kwa volti 12 huna volti za kupoteza. Hesabu yake ni hii: chukua urefu wa njia nzima kwa mita, kwenda na kurudi, zidisha kwa ampea, zidisha kwa 0.018, kisha gawa kwa eneo la shaba kwa milimita za mraba. Jibu ni volti zitakazopotea njiani.

Chaja yetu inatoa ampea 40 kwa volti 14.4, yaani wati 576. Kwa kuwa inapoteza kama asilimia 10, inaingiza wati 640, ambazo kwa volti 13 ni ampea 49. Hilo mara nyingi halikumbukwi: upande wa kuingiza una ampea nyingi kuliko wa kutoa. Kutoka betri ya mbele hadi chaja nyuma ya kebini tuseme ni mita 5, kwenda na kurudi 10. Waya wa milimita 10 za mraba utapoteza volti 0.88, chaja itadhani gari limezimwa na itakatakata. Wa 16 utapoteza 0.55. Wa 25 utapoteza 0.35, chini ya asilimia 3. Nunua wa 25.

Kwa friji, mita 4 kwenda na 4 kurudi, ampea 4, waya wa milimita 4 za mraba unapoteza volti 0.14. Waya mwembamba wa milimita 1 ungepoteza karibu 0.6, na friji ingejizima betri ikiwa bado na chaji tele.

Kuna mitego miwili dukani. Wapo wauzaji wanaotaja waya kwa kipenyo chake pamoja na ganda, hivyo unaoitwa wa milimita 6 unakuta ndani una shaba ya milimita za mraba 4.6 tu. Uliza eneo la shaba, na ukijibiwa kwa namba ya geji kumbuka kuwa geji 4 ni kama milimita za mraba 21 na geji 2 ni kama 33. Mtego wa pili ni alumini iliyopakwa shaba. Chuna ncha, ukwaruze uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Alumini ina ukinzani mkubwa zaidi, na inakatika ikitikiswa. Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba. Wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu hauna nafasi ndani ya gari.

Fyuzi, na kwa nini zikae pande zote mbili

Fyuzi inaulinda waya, kifaa kina ulinzi wake. Ukishika hilo, mahali pa kuiweka panajionyesha penyewe: mwanzoni mwa waya, karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye nguzo ya chanya. Sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi, kwa hiyo ifanye fupi na uivishe bomba la plastiki lenye mikunjo.

Na kwa kuwa waya huu mrefu una betri kila mwisho, unahitaji fyuzi kila mwisho. Nimeona kazi nyingi zenye fyuzi mbele tu. Waya ukichunika katikati, fyuzi ya mbele inakatika vizuri, huku betri ya nyuma ikiendelea kulisha shoti ile ile kutoka upande wake. Hata ukitumia chaja ya DC-DC usiiruke ya nyuma, maana waya kati ya chaja na betri ya pili nao una betri mwishoni mwake.

Kwa chaja yetu, fyuzi ya ampea 60 mbele na ya 60 nyuma zinafaa, ila kijitabu cha chaja kikitaja namba nyingine, kifuate. Waya wa friji wa milimita 4 upewe ya ampea 15. Inveta ipate fyuzi na waya wake peke yake kutoka kwenye betri. Kwa LiFePO4 kuna la ziada: shoti yake inaweza kufika maelfu ya ampea, na fyuzi ya bei ya chini ikikatika, cheche inaweza kuendelea kuruka ndani yake kana kwamba haijakatika. Kwenye nguzo ya betri hiyo tumia fyuzi ya daraja T, iliyotengenezwa kuzima mkondo mkubwa wa namna hiyo.

Kazi yenyewe

Vua pete, saa na cheni. Pete ya dhahabu ikigusa spana na bodi kwa pamoja inapata joto la kuunguza kidole kabla hujavuta mkono.

1. Fungua hasi ya betri ya gari kwanza. Sababu ni ya kimwili: bodi nzima ni hasi, hivyo ukianza na chanya na spana ikagusa chuma chochote, umepiga shoti. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi haitokei kitu. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Gari la kisasa subiri dakika kadhaa baada ya kuzima swichi ili kompyuta zilale.

2. Funga betri ya pili mahali pake. Sanduku au trei ya chuma iliyopigwa bolti kwenye chasisi au kwenye sakafu yenye bamba la kuimarisha kwa chini, na mkanda au fremu ya kuibana kwa juu. Isukume kwa mikono yote miwili kila upande. Ikicheza hata kidogo, irudie. Kilo 30 zinazoruka kutoka nyuma ya kiti breki zikipigwa ghafla ni silaha, na ziko nyuma ya kichwa chako.

3. Funga chaja karibu na betri ya pili, ndani ya mita moja ukiweza, mahali penye hewa. Inatoa joto, na ikizidiwa inajipunguzia ampea. Usiifunike kwa nguo wala kuifungia kwenye sanduku lisilopitisha hewa.

4. Pitisha nyaya. Fuata njia ambazo nyaya za gari zenyewe zimefuata. Aliyelitengeneza alishafikiria joto na mtikisiko. Kaa mbali na eksozi na turbo. Usifunge waya kwenye bomba la breki wala la mafuta, hata kama linaonekana kukusubiri. Kila tundu la bati liwe na mpira wake. Ukitoboa jipya, lainisha ukingo kwa tupa, lipake rangi lisishike kutu, kisha weka mpira kabla ya kupitisha waya. Funga waya kila baada ya sentimita 30 hivi na acha ulegevu kidogo pale kebini inapoinuka au kutikisika mbali na chasisi. Kabla ya kutoboa popote, tazama upande wa pili wa bati. Nyaya za mifuko ya hewa, ambazo mara nyingi zina ganda la njano, ziache kabisa.

5. Bana ncha. Kila mwisho wa waya mnene unaingia kwenye lagi, kile kichwa cha shaba chenye tundu la bolti. Tumia mashine ya kubania ya haidroli au ya mikono mirefu. Nyundo na plaizi haviwezi. Chuna ganda kiasi cha kuingia lagi tu, sukuma nyuzi zote ndani bila kukata hata moja, bana, kisha vuta kwa nguvu zako zote. Lagi iliyobanwa sawasawa haitoki, na ukiikata katikati kwa msumeno utaona nyuzi zimekuwa donge moja la shaba lisilo na nafasi. Mimi hukata moja ya majaribio kila nikitumia mashine mpya. Malizia kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Kuchoma kwa risasi ya kulehemu peke yake sikushauri: risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya unapokatika ukitikiswa.

6. Unganisha waya wa ishara. Chaja nyingi zina waya mwembamba unaotaka volti 12 injini ikiwa inazunguka. Utoe kwenye saketi inayopata umeme swichi ikiwa imewashwa tu, kupitia fyuzi ndogo. Kwa altaneta inayoongozwa na kompyuta waya huu si wa hiari, kwa kuwa chaja haiwezi kujua kwa kupima volti kama gari linatembea.

7. Upande wa matumizi. Kutoka chanya ya betri ya pili, baada ya fyuzi kuu, weka swichi ya kukata umeme wote, kisha sanduku la fyuzi ndogo lenye nafasi ya kila kifaa. Weka pia kifaa kinachokata matumizi volti zikishuka: karibu 12.0 kwa betri ya risasi. LiFePO4 ina ulinzi ndani yake, lakini huo ni wa dharura, usiutegemee kila usiku.

8. Fyuzi kuu ziwe za mwisho kuwekwa, baada ya vipimo vya kwanza nitakavyoeleza.

Hasi, pale mfumo unapokufa kimya kimya

Nina deni na sehemu hii. Kwenye gari langu la kwanza lenye betri ya pili, friji ilikuwa inajizima kila usiku saa nane au tisa. Nilipima betri asubuhi: volti 12.5, nzuri. Nikailaumu friji. Kisha nikailaumu betri na nikanunua nyingine, na friji ikajizima usiku ule ule. Miezi miwili baadaye nilifungua bolti ya hasi chini ya sakafu kwa sababu nyingine kabisa. Lagi ilikuwa imekaa juu ya rangi. Rangi nyeusi, nzuri, haina mkwaruzo. Umeme wote ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti peke yake, na meno yalikuwa yameshika kutu ya kahawia. Taa zilipita hapo bila shida. Kompresa ya friji ikianza kuzunguka ilivuta ampea nyingi kwa ghafla, volti zikaanguka pale kwenye kutu, na friji ikaona betri imeisha.

Umeme unazunguka duara, na nusu ya duara ni hasi. Waya wa hasi uwe mnene sawa na wa chanya. Ukitumia chasisi kama njia ya kurudi, kwangua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae mduara mpana kuliko lagi, kaza bolti kwa washa ya meno, kisha paka grisi au rangi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa ili maji yasiingie. Chagua chasisi yenyewe au bolti ya kiwandani. Bati jembamba la kebini na mlango wa nyuma si mahali pa ampea 50. Hakikisha pia mkanda wa hasi unaounganisha injini, chasisi na betri ya mbele ni mzima, kwani umeme wako wote wa kuchaji utapita hapo.

Tazama nguzo ya hasi ya betri ya mbele. Ukikuta kijisanduku cha plastiki chenye waya mwembamba, hicho ni kipimo kinachoiambia kompyuta umeme unaoingia na kutoka. Hasi yako usiifunge kwenye nguzo. Ifunge upande wa bodi, baada ya kipimo. Ukikiruka, kompyuta inapata hesabu isiyo sahihi ya betri na inaichaji vibaya.

Vipimo kabla ya kusema umemaliza

Fyuzi zikiwa bado nje na chaja ikiwa haijaunganishwa, weka multimita kwenye kupima mguso. Shika waya mkubwa wa chanya kwa ncha moja na chasisi kwa nyingine. Ikilia, kuna mahali waya umegusa bodi; tafuta kabla ya kwenda mbele. Isipolia, unganisha chaja, weka fyuzi, rudisha hasi.

Pima betri zote mbili injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Ya risasi iliyojaa inaonyesha 12.6 hadi 12.7, ya nusu kama 12.1 au 12.2. LiFePO4 iliyojaa inakaa karibu 13.3 au 13.4, na hizo hazisemi mengi kwa sababu inabaki karibu hapo hadi inakaribia kuisha. Kwa betri hiyo nunua kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Sasa washa injini. Subiri chaja ianze, na fanya kipimo ninachokiamini kuliko vyote: multimita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya betri ya mbele, nyingine kwenye mlango wa chanya wa chaja. Inachoonyesha ni volti zinazopotea kwenye upande huo. Kwa waya wetu wa 25 tunatarajia kama 0.18. Rudia upande wa hasi, nguzo ya hasi ya mbele hadi mlango wa hasi wa chaja. Upande mmoja ukizidi mwenzake sana, kiungo kibovu kiko huko. Sogeza ncha ya multimita kiungo hadi kiungo, na pale namba inaporuka ndipo pa kufungua. Kama ningekijua kipimo hiki mapema, ile betri nisingeinunua.

Acha ichaji dakika 20 hivi, kisha pitisha mkono karibu na kila lagi, kila fyuzi, kila swichi, bila kugusa chuma. Vuguvugu la chaja ni sawa. Kiungo kimoja chenye joto kuliko majirani zake hakijabanwa au hakijakazwa. Zima injini, na uangalie kama chaja inaacha kabisa baada ya muda mfupi. Isipoacha, waya wa ishara umeuchukua mahali penye umeme muda wote, na betri ya mbele itanyonywa usiku.

Uzoefu wa chaji wenyewe utakuonyesha tofauti ya betri. Ampea-saa 58 zilizotumika, kwa chaja ya ampea 40, zinarudi kwenye LiFePO4 kwa saa moja na nusu hivi. Ya risasi itapokea haraka mwanzoni, lakini sehemu ya mwisho inajaa polepole na inaweza kudai saa kadhaa. Kama safari zako ni fupi, ongeza chaja ya kuchomeka ukutani au paneli ya sola, ijae kabisa walau mara moja kwa wiki.

Baada ya wiki ya kwanza barabarani rudi na spana ukakaze kila bolti, kwa sababu mtikisiko hulegeza vilivyokazwa vikiwa vipya. Siku fundi atakapotaka kulehemu chochote kwenye chasisi, fungua hasi za betri zote mbili na uchomoe chaja kabla hajaanza. Na chora mfumo wako kwenye karatasi ngumu: waya gani unatoka wapi, unene wake, fyuzi ya ampea ngapi na imekaa wapi. Ivishe nailoni, uibandike ndani ya kifuniko cha sanduku la betri, ili yeyote atakayelifungua usiku kando ya barabara ajue chanya ya pili iko wapi na swichi ya kuikata iko upande gani.